Somo: Kuomba kazi ya kufundisha kriminolojia, forensiki au sanaa huria katika vyuo vikuu vya Marekani

Hatua ya kwanza ni kukijua chuo kabla ya kuandika lolote. Chuo cha John Jay cha New York, kilichoanzishwa mwaka 1964, kimejengwa juu ya taaluma ya haki ya jinai, hivyo mtaalamu wa forensiki, yaani sayansi ya kuchunguza ushahidi wa uhalifu, atakuwa miongoni mwa wenzake. Lakini chuo kidogo cha sanaa huria, yaani chenye kutoa elimu pana ya fani nyingi, mara nyingi humweka mwanakriminolojia (mtaalamu wa masuala ya uhalifu) ndani ya idara ya sosholojia, na humtaka afundishe pia nadharia za jamii na mbinu za utafiti. Barua moja ya maombi haitoshi kote kuwili.

Hatua ya pili ni kalenda: nafasi zinazoelekea ajira ya kudumu hutangazwa zaidi kati ya Agosti na Novemba, karibu mwaka mzima kabla ya kazi kuanza.

Hatua ya tatu ni nyaraka, nayo ndiyo inayowaangusha wengi wetu. Wasifu wa kitaaluma, maelezo ya ufundishaji na barua tatu za wadhamini huandaliwa bila taabu kubwa. Tatizo ni barua ya maombi, ambayo tumezoea kuifungua kwa unyenyekevu na shukrani, ilhali kamati inataka kujua mapema tasnifu yako ilijibu swali gani na ni kozi zipi za idara unaweza kuzibeba. Mwombaji wa forensiki asiishie kuorodhesha mashine alizotumia. Ripoti ya mwaka 2009 ya Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilionyesha kuwa mbinu kadhaa, ikiwamo kulinganisha alama za meno, hazikuwa na msingi wa kutosha wa kisayansi. Aeleze basi atakavyomfundisha mwanafunzi kupima uwezekano wa kukosea.

Hatua ya nne ni usaili, kwanza kwa video, kisha ziara ya siku moja au mbili chuoni. Hata mezani wakati wa chakula bado unasailiwa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nina shahada ya uzamili na miaka 12 katika upelelezi. Je, inatosha?*

Kwa nafasi za kudumu za vyuo vikuu kwa kawaida hudaiwa uzamivu, ila vyuo vya miaka miwili na kazi za muda huthamini uzoefu kama wako.

*Viza ikoje?*

Vyuo vikuu vya umma na visivyo vya faida haviingii katika bahati nasibu ya kugawa H-1B, viza ya kazi kwa wataalamu wa kigeni. Hata hivyo, tangazo la rais la Septemba 2025 liliweka ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya walio nje ya nchi, kwa hiyo uliza mapema kama bado inadaiwa na kama chuo kiko tayari kuilipa.

*Mimi ni wa fasihi ya Kiswahili, nianzie wapi?*

Ipo programu ya Fulbright, mpango wa serikali ya Marekani wa kubadilishana wasomi, ya wasaidizi wa kufundisha lugha, ya takriban miezi tisa. Kumbuka tu, ndugu yangu, kwamba ukishaimaliza utatakiwa kukaa nyumbani jumla ya miaka miwili kabla ya kupata H-1B.