Kufuatilia lishe ya mgonjwa wa ICU (wodi ya mahututi): hesabu kilichoingia tumboni

Juzi zamu ya usiku, muuguzi mgeni wodini kwetu hapa Dar aliniuliza: "Dada, wa kitanda cha nne analishwa kila baada ya saa nne, chati imejaa tiki, mbona anazidi kwisha?" Tulikaa na yale makaratasi mpaka adhana ya alfajiri. Tulichokifanya ni hiki.

Hatua ya 1: Mpira wa kulishia, unaopita puani, uko tumboni?
Piga eksirei baada ya kuuweka. Kabla ya kila mlo angalia alama ya sentimita pale puani na upime majimaji unayovuta: pH (kipimo cha asidi) iwe 5.5 au chini. Kupuliza hewa na kusikiliza kwa stetoskopu nimeacha kabisa, kunadanganya. Kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45.

Hatua ya 2: Lengo
Mgonjwa wa kilo 60: kalori 25 kwa kila kilo ni 1,500 kwa siku, protini gramu 1.3 kwa kilo ni 78. Panda taratibu siku za mwanzo. Presha ikiwa bado haijatulia, usianze bila daktari.

Hatua ya 3: Andika mililita, acha tiki
Hapa ndipo usiku wetu ulipoishia. Yule mgonjwa aliagiziwa maziwa ya lishe yenye kalori 1 kwa mililita, mililita 250 mara sita. Chati ilionyesha tiki sita. Tukailinganisha na karatasi ya maji yanayoingia na kutoka. Saa 4 asubuhi alikuwa kwenye kipimo cha picha cha CT, hakulishwa. Saa 8 mchana mpira uliziba, ukaja kuzibuliwa saa 11, mlo umeshapita. Milo miwili ni kalori 500, theluthi nzima ya siku. Tukarudi nyuma siku mbili: hadithi ileile. Mtu amelala na njaa siku tatu, na karatasi inasema ameshiba. Iliniuma sana.

Kwa hiyo andika kiasi palepale bomba la sindano linapokwisha, wala usingoje mwisho wa zamu. Maji ya kusafishia mpira yaandike pembeni, hayana kalori. Ila jumlisha vilivyojificha: lita moja ya dextrose 5% (dripu ya sukari) ina kalori 170, na propofol (dawa ya usingizi) ina 1.1 kwa kila mililita.

Halafu kuna uji unaoletwa na ndugu kwenye chupa ya chai. Usiuandike "uji 250" ukaishia hapo. Uliza kwa upole: "Mama, humo umeweka nini, na kiasi gani?" Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina kalori kama 150 na protini gramu 8, kijiko kikubwa cha mafuta kina kama 120, protini hakuna. Uji wa unga na maji matupu hauwezi kufika gramu 78. Ukiwa mzito unaziba mpira, na kwa joto letu hili uliokaa nje zaidi ya saa mbili mwaga. Familia ikimudu, mimi huchagua maziwa ya lishe, kwa sababu yanahesabika.

Hatua ya 4: Masalio
Haya ni yale unayovuta tumboni yakiwa bado hayajashuka. Chini ya mililita 500 kwa saa sita, usisimamishe mlo. Tumbo likijaa na kuwa gumu, au akitapika, mwite daktari.

Hatua ya 5: Damu
Sukari ikipita 10 mmol/L, zungumza na daktari kuhusu insulini. Mlo ukisitishwa huku insulini inaendelea, hiyo ni dharura. Aliyekaa siku nyingi bila kula, mlevi, au aliyekonda kwa TB, apewe thiamini (vitamini B1) kabla ya mlo wa kwanza, na fosfeti, potasiamu na magnesiamu zipimwe kila siku mwanzoni. Fosfeti ikishuka chini ya 0.65 mmol/L, punguza kalori kwa saa 48 na uirudishie. Albumini (protini ya kwenye damu) usiitumie kupimia lishe. Inashuka kwa ugonjwa wenyewe.

Asubuhi tulichora chati mpya yenye safu tatu: kilichoagizwa, kilichoingia, sababu. Mstari wa kwanza aliujaza yule muuguzi mgeni mwenyewe: "Saa 12 asubuhi. 250. 180. Mpira umeziba, umezibuliwa kwa maji ya uvuguvugu, 70 zilizobaki zimeingia saa 1."