Jinsi ya kula kwenye bistro ya Paris bila kuumbuka

Nimebeba sahani miaka tisa kwenye bistro moja ndogo hapa Paris. Ina meza kumi na nne, na jikoni wakiingia watatu, wa nne hana pa kukanyaga. Kila kiangazi huja jamaa zetu kutoka Dar na Mombasa. Wanakaa pembeni kimya kama wanaosubiri usaili wa viza, halafu wanaagiza kitu wasichokitaka. Mwongozo huu ni wao.

Hatua ya 1: Nenda saa ya chakula

Mchana ni saa sita hadi saa nane. Jioni jiko huwashwa saa moja au saa moja na nusu. Ukija saa kumi na njaa yako utapewa kahawa, maana mpishi kalala. Njaa ya saa kumi ipeleke kwenye brasserie, ile migahawa mikubwa ya karibu na stesheni, ambayo mingi hupika mfululizo. Kwa chakula cha usiku, piga simu siku moja kabla uwekewe meza, na uulize kama wanafungua, kwa sababu bistro nyingi hufunga Jumapili, Jumatatu, au siku zote mbili.

Hatua ya 2: Piga hodi

Hodi yao ni *Bonjour*, na jioni ni *Bonsoir*. Iseme ukivuka kizingiti, kabla ya neno lingine lolote. Ukianza na "nataka meza ya watu wawili" bila salamu, umeshaharibu. Wageni wengi wanaolalamika kwamba wahudumu wa Paris wana kiburi waliingia hivyo, na sisi Waswahili ndio wa mwisho kushangaa mtu akinuna kwa kunyimwa salamu. Baada ya hapo simama mlangoni, onyesha idadi yenu kwa vidole, mngoje mpelekwe mezani. Mhudumu mwite kwa jicho, au kwa *s'il vous plaît*, yaani tafadhali. Lile neno *garçon* la kwenye sinema maana yake ni "kijana wa kiume". Mimi nina mvi.

Hatua ya 3: Soma ubao

Vyakula vya siku huandikwa kwa chaki kwenye ubao mweusi, *ardoise*, na kinachoisha hufutwa mbele ya macho yako. Kuna mitego miwili. *Entrée* ni chakula cha kufungulia, si mlo mkuu kama wanavyoita Marekani. Mlo mkuu ni *plat*. Na ukiomba *menu* umeomba mlo uliopangwa kwa bei moja. Orodha ya vyakula ni *la carte*. Mchana tafuta *formule*: vyakula viwili, cha kufungulia na mlo mkuu, au mlo mkuu na kitamu cha kumalizia. Kwa Paris jiandae kutoa kama yuro 17 hadi 25. *Plat du jour* ndicho mpishi alichokinunua asubuhi ile, na mimi mwenyewe ndicho ninachokula.

Hatua ya 4: Nyama, na hapa tusimame kidogo

Mzee mmoja wa Tanga aliona neno steki kwenye *steak tartare*, akaagiza. Nikajaribu kumweleza. "Mwanangu, mimi nyama naijua." Haya. Nikamletea kilima cha nyama mbichi iliyokatwakatwa, kiini cha yai kikimng'aria juu. Akakitazama, akanitazama mimi.

"Mwanangu, hii haijaiva."

"Haiivi, mzee. Ndivyo inavyoliwa."

Nikairudisha jikoni, mpishi akaipitisha kwenye kikaango upande huu na ule, shingo upande. Kumbe hilo nalo lina jina, *aller-retour*, na unaweza kuliomba tangu mwanzo.

Steki nyingine utaulizwa iive vipi. *Bleu*, moto umeisalimia tu. *Saignant*, damu inatoka. *À point* wao huiita imeiva vizuri, ila katikati ni waridi, na kwa mtu aliyezoea mishikaki ya Forodhani hiyo ni mbichi. Sema *bien cuit*, tamka "byan kwi". Lakini vipande vya bistro, *bavette* na *onglet*, vikiiva sana huwa kama kandambili. Mpenda nyama iliyoiva achukue *confit de canard*, paja la bata lililopikwa polepole ndani ya mafuta yake hadi nyama inaachia mfupa, kisha ngozi ikakaushwa ikalia.

Kwa Waislamu: usitegemee nyama ya halali isipokuwa wameandika. Nguruwe hujificha kwenye majina mengi. *Jambon*, *saucisson* na *lardons* ni yeye. *Rillettes* mara nyingi ni yeye. *Boudin noir* ni damu yake na *andouillette* kwa kawaida ni matumbo yake. *Lardons* ndio wabaya zaidi, maana hunyunyizwa hata kwenye saladi. Kusema *sans porc*, bila nguruwe, hakutoshi, kwani mvinyo umo ndani ya *bœuf bourguignon*, *coq au vin*, kome wa *marinières*, na mara nyingi supu ya vitunguu. Uliza *Il y a du vin dedans ?*, yaani kuna mvinyo ndani? Usalama uko kwa kimanda kitupu, *œuf mayo* (yai la kuchemsha na mayonezi), na samaki wa siku baada ya kuuliza mchuzi wake.

Hatua ya 5: Maji na mkate

Sema *une carafe d'eau*, "karaf doo". Ni maji ya bomba, safi, bure, na ni haki yako. Ukisema "maji" tu, unaweza kuletewa chupa ya kulipia. Mkate pia ni bure. Uweke juu ya meza pembeni ya sahani, umege kwa mkono, na mwishoni futia mchuzi. Mpishi akiona sahani imerudi kavu hufurahi.

Hatua ya 6: Tulia

Kwenye ukuta wa mgahawa wa La Mère Catherine, uwanja wa Place du Tertre hapa Paris, kuna kibao kinachodai neno bistro lilizaliwa pale tarehe 30 Machi 1814, askari wa Urusi wakihimiza "bystro", yaani haraka. Wanaisimu hawakubali, kwa kuwa neno hilo halionekani kwenye maandishi hadi miaka ya 1880. Mimi nina sababu yangu: sijaona haraka bistroni. Meza ni yako. Kahawa huja baada ya kitamu, haiji pamoja nacho. Ukimaliza kula, laza kisu na uma sambamba juu ya sahani, tutaelewa.

Hatua ya 7: Bili

Haiji hadi uiombe, maana kuileta mapema ni kukufukuza. *L'addition, s'il vous plaît*. Huduma imo ndani ya bei, sheria inadai hivyo tangu 1987, kwa hiyo bakshishi si lazima. Yuro mbili tatu mezani zinatosha kabisa. Chakula kikibaki omba kufungiwa; tangu Julai 2021 hawaruhusiwi kukukatalia.

Ukitoka sema *Merci, au revoir*, hata kama mhudumu amekupa mgongo na sahani nne mikononi. Atakujibu bila kugeuka.