Simu Mpya: Jinsi ya Kuikagua Kabla Muda wa Kurudisha Haujaisha

Simu ikiwa ndiyo kwanza imetoka kwenye boksi, kila kitu kinapendeza. Kasoro hujitokeza baadaye. Kwa hiyo, kabla hujahamishia picha na namba zako, tenga saa moja uikague, kisha iangalie mwenendo wake kwa siku tatu nne. Tangu mwanzo, usichanganye ubovu na udhaifu. Ubovu ni hitilafu ya hiyo simu moja, na dawa yake ni kubadilishiwa. Udhaifu umo katika toleo zima: ukibadilishiwa utapewa nyingine yenye kasoro ileile, hivyo ama uuzoee ama udai pesa yako.

Kwanza piga *#06#. Zitatokea tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu (simu ya laini mbili huonyesha namba mbili). Zilinganishe na zilizo kwenye boksi. Zisipofanana, usipoteze muda na mengine, irudishe.

Kioo kikague kabla ya kubandika protekta, maana protekta mbovu huleta dalili zilezile za kioo kibovu. Weka mwangaza wa juu kabisa, fungua picha nyeupe tupu, kisha nyekundu, kijani na bluu. Kinukta kisichobadilika ni pikseli iliyokufa. Picha nyeusi itazame gizani: kioo cha OLED huzima kabisa, cha LCD hubaki na ung'avu hafifu kwa sababu taa yake huwaka nyuma ya kioo chote. Ung'avu ulioenea sawasawa ndivyo LCD ilivyo. Ukijikusanya kona moja kama mwanga wa tochi, huo ni ubovu. Kupima mguso, fungua programu ya kuchorea na upake kioo chote kwa kidole, taratibu, bila kuinua. Mstari ukikatika palepale kila unaporudia, hapo kioo hakisikii.

Sauti haina mambo mengi: jirekodi, ujisikilize, halafu piga simu. Ukiwa unaongea, ziba sehemu ya juu ya simu kwa kiganja, kioo kizime. Kisipozima, shavu lako litakuwa linakata simu za watu.

Betri ndiyo inayoonewa zaidi. Siku mbili za mwanzo huisha haraka kwa sababu simu inapakua masasisho na kupanga mafaili yake, kwa hiyo usiihukumu mapema. Siku ya tatu ichaji mpaka 100, iweke katika hali ya ndege, uilaze kwa muda wa saa nane. Ikishuka asilimia 1 hadi 3, betri haina neno. Ikishuka 10, kuna kinachoinyonya. Usiku unaofuata rudia ukiwa umewasha laini na data. Tofauti ikiwa kubwa, fungua Mipangilio, sehemu ya betri, uone programu ipi inakula. Kama hakuna, chunguza mtandao: pale mawimbi yalipo hafifu simu hutumia nguvu nyingi kuyatafuta, na hapo kubadilisha simu hakusaidii.

Wanaolalamika kwamba simu inachaji polepole wasome kwanza maandishi madogo kwenye kichwa cha chaja. Zidisha volti kwa ampea: 5V na 2A ni wati 10, 9V na 2A ni wati 18. Simu ya wati 33 ukiipa chaja ya wati 10, kosa si lake. Kebo nayo ina mchango wake. Kupata joto kidogo wakati wa kuchaji ni kawaida; vua kava. Lakini ikiunguza mkono, au mgongo ukianza kuinuka, chomoa mara moja na usiichaji tena.

Usishtuke GB 128 zikionekana pungufu. Mtengenezaji huzihesabu kwa 1,000; zikihesabiwa kwa 1,024 huwa kama 119, na mfumo nao unachukua chake. Cha kutilia shaka ni simu ya bei ya chini mno inayodai GB 512: ijaze video kubwa hadi karibu na mwisho, kisha fungua zile za mwisho. Zikigoma kufunguka, hifadhi hiyo ni ya uongo. Na ukiona RAM (kumbukumbu ya muda ambayo programu hufanyia kazi) imeandikwa "8+8", ile 8 ya pili imeazimwa kutoka kwenye hifadhi, nayo ni ya polepole kuliko RAM halisi.

Kamera ya megapikseli 50 kwa kawaida hutoa picha ya 12.5, kwa kuwa pikseli nne huunganishwa kuwa moja, hujapunjwa. Lenzi ya ziada ya megapikseli 2 ni pambo zaidi ya kifaa. Piga picha ukurasa wa gazeti uliobandikwa ukutani, simu ikiwa imenyooka mbele yake, kisha kuza kona zote nne. Kona moja tu ikiwa na ukungu wakati nyingine zinasomeka, lenzi imekaa upande: irudishe. Chengachenga za picha za usiku ni udhaifu wa kawaida wa kamera ndogo.

Ukiamua kuirudisha, ondoa kwanza akaunti yako kwenye Mipangilio, ndipo ufute kila kitu. Ukifuta bila kuiondoa, simu inaweza kujifunga na kudai nywila yako, na muuzaji atakuwa na sababu ya kuikataa.