Kabla ya Kuwapeleka Watoto Kolo

Mara ya kwanza nilipofika na wanafunzi wa darasa la tano kwenye michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, mtoto mmoja alinivuta mkono akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, makumbusho yenyewe yako wapi?" Alikuwa amesimama chini ya mwamba wenye twiga, pofu na watu wembamba wenye vichwa vikubwa. Hakuwaona. Alikuwa anatafuta mlango, kioo na mtu wa kukata tiketi, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimemwambia darasani: tunakwenda kwenye makumbusho ya sanaa. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku ile naamini kwamba nusu ya safari hii hufanyika kabla gari halijawashwa.

Nayaandika haya kwa walimu na wazazi wa Dodoma wanaopanga ziara ya aina hii: siku moja ya michoro Kondoa, na nusu siku nyingine ya majengo ya mjini. Msizibane zote katika siku moja. Nimejaribu, na watoto walilala wakiwa wamekaa mbele ya Bunge.

Kwanza macho. Michoro ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Eneo lake ni kilomita za mraba zaidi ya 2,300, lina mapango na vibanda vya miamba zaidi ya 150, na watu wamekuwa wakichora humo kwa miaka isiyopungua 2,000. Ukimwambia mtoto takwimu hizo atazinakili na kuzisahau. Mwambie badala yake kwamba rangi imepauka, kwamba mchoro mmoja umepanda juu ya mwingine, na kwamba dakika mbili za kwanza hataona chochote. Inayozoeleka zaidi ni michoro myekundu, yenye mistari myembamba, ambayo watafiti wengi huihusisha na wawindaji, mababu wa watu kama Wasandawe na Wahadzabe. Ile myeupe, minene, yenye maumbo yasiyo na madoido, ni ya baadaye na huhusishwa na wakulima. Mtoto akienda na jambo hilo moja tu kichwani, yaani nyekundu ni ya zamani zaidi na nyeupe ilikuja baadaye, tayari ana kitu cha kutafuta.

Wiki mbili kabla tunafanya zoezi ambalo sasa siliachi. Tunachota udongo mwekundu, ambao Dodoma haununuliwi, tunaupepeta kwa kitambaa, tunauchanganya na kiini cha yai, na kila mtoto anatafuna ncha ya kijiti mpaka iwe brashi. Wanachora mnyama mmoja kwenye jiwe wanaloliokota uwanjani. Mawe tunayaacha nje, juani na kwenye vumbi. Baada ya siku kumi tunayarudia. Wapo wanaokuta mbuzi wao hana tena miguu. Hapo swali linakuja lenyewe: mbona wale wa Kolo bado wapo? Nawaachia waende nalo wakamuulize mwongozaji.

Zoezi la pili ni la kunakili. Mwaka 1951 Mary Leakey alifanya kazi Kondoa akinakili michoro hiyo kwa kuweka karatasi angavu juu ya mwamba na kufuata mistari. Leo hakuna anayeruhusiwa kugusa mwamba hivyo, lakini darasani unaweza kubandika picha ukutani, ukaweka nailoni juu yake, na watoto wakafuata mistari kwa kalamu ya wino mzito. Mkono ukishafuata shingo ya twiga mara moja, jicho huitambua hata pale ilipofifia. Kwa Mungumi wa Kolo, eneo linalojulikana zaidi, kuna mchoro wa watu watano, wa katikati ameshikwa mikono na kama anavutwa pande mbili. Wapo wanaosema ni utekaji, wapo wanaosema ni ngoma ya tiba. Usiwape watoto jibu. Waache wabishane ndani ya gari, kilomita 180 ni nyingi.

Sasa adabu ya mahali, ambayo pia hufundishwa kabla, kwa sababu ukisubiri kuisema pale mwambani utakuwa umechelewa. Hakuna kugusa, hakuna kuegemea, hakuna kumwagia maji ukuta ili rangi ing'ae kwenye picha. Hilo la maji lilifanywa sana zamani na limeharibu. Hakuna kuchora jina kwa mkaa. Wenyeji, Warangi, bado huliheshimu eneo la Mungumi kama mahali pa tambiko, na huenda mkakuta dalili za pombe au za mbuzi aliyechinjwa. Mtoto aambiwe mapema kwamba hayo si uchafu wala si ya kuchekwa. Tena mkiona mashimo chini ya miamba, kuna habari yake: watu walichimba wakitafuta hazina inayosemekana ilifichwa na Wajerumani. Watoto wangu walilipenda hilo kuliko tembo wote, na ilinibidi niwahesabu mara mbili kabla ya kushuka nisije nikaacha wachimbaji wadogo nyuma.

Karatasi nazo. Shule ya Serikali itahitaji barua ya kibali kutoka kwa afisa elimu, na fomu ya ridhaa iliyosainiwa na mzazi au mlezi. Kwenye fomu hiyo weka nafasi ya kutosha kwa afya: pumu, kifafa, selimundu, mzio, dawa anazotumia mtoto na saa ya kuzimeza. Nafasi ya mstari mmoja humfanya mzazi aandike "hana tatizo" hata kama analo. Kolo kuna ofisi ya mambo ya kale, hapo ndipo mnapolipa kiingilio na kupewa mwongozaji, na hampandi bila yeye. Andika barua mapema ukitaja idadi, umri na tarehe, ulizia namba ya malipo, kisha beba risiti iliyochapishwa. Mtandao wa simu milimani huenda na kurudi.

Kuhusu michango nina neno moja. Katika kila darasa wapo watoto watatu au wanne ambao nyumbani hawataweza. Lifanyie hesabu mapema, gawa gharama yao kwenye jumla, na asijue mtoto mwingine yeyote. Ziara inayoacha watoto wanne shuleni wakifagia uwanja, mimi siiiti ziara ya masomo.

Majira. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na njia ya vumbi kutoka Kolo kwenda kwenye miamba haitabiriki wakati huo. Juni shule zinafungwa. Septemba darasa la saba wako kwenye mtihani na walimu wengi wanakuwa wasimamizi. Kwa hiyo mimi huchagua Julai au Agosti. Asubuhi ni baridi kweli, na upepo wa Dodoma mnaujua, basi sweta iwe kwenye orodha hata kama mchana litafungwa kiunoni.

Gari. Barabara ya Dodoma hadi Babati ni ya lami tangu 2018, hivyo mpaka Kolo, mbele kidogo ya Kondoa mjini, Kosta inakwenda bila shida. Shida inaanza ukiacha lami. Njia ya kwenda Mungumi ina mchanga na mawe, na mwisho wake ni mlima mkali. Muulize mwongozaji kwa simu, kabla hujamlipa mwenye gari, Kosta yako itaishia wapi na watoto watatembea kiasi gani. Kama una watoto wadogo au mwenye ulemavu wa miguu, mwombe akuchagulie eneo jepesi kufikika badala ya Mungumi. Maeneo ni mengi, na mchoro mmoja ulioonekana vizuri unatosha.

Mwaka fulani tulikodi gari kwa mtu aliyetuhakikishia kila kitu. Tulipangiwa kuondoka saa kumi na moja alfajiri, gari likaja saa mbili. Halafu tukasimamishwa njiani, tairi mbili za nyuma zilikuwa kipara, na askari alikuwa na haki kabisa. Tulifika Kolo saa nane mchana, tukapanda mlima kwenye jua la utosi, watoto wawili wakatapika. Tangu hapo gari nalikagua mwenyewe siku mbili kabla: tairi, mikanda ya viti, kizima moto, kibali cha kukodishwa, leseni ya dereva. Nahakikisha linalala karibu na shule. Na nimeweka kanuni kwamba tukichelewa zaidi ya saa moja na nusu, safari inaahirishwa. Wazazi wananung'unika, lakini giza la barabarani silitaki.

Maji ni lita moja na nusu kwa kila mtoto, na dumu mbili za lita ishirini ndani ya gari za kunawa na za akiba. Chakula kiwe kikavu: chapati, viazi vitamu, karanga, ndizi. Mayai ya kuchemsha yakikaa ndani ya gari mpaka mchana yananuka, na soda na juisi huacha mikono yenye sukari inayoita nyuki, na kwenye miamba nyuki wapo. Kwa sababu hiyo hiyo, manukato yabaki nyumbani. Viatu ni raba zilizofungwa, kandambili hapana. Mifuko ya taka muibebe na mrudi nayo.

Choo ni jambo ambalo hakuna anayeliandika na ndilo linaloharibu siku. Juu kwenye miamba msitegemee choo. Simameni Kondoa mjini, simameni tena Kolo kabla ya kupanda, na kila mtoto aingie, hata anayesema hana haja. Mwalimu wa kike abebe taulo za kike na sabuni, na wasichana wajue mapema kwamba anazo.

Idadi ya watu wazima: mtu mmoja kwa watoto kumi garini na mjini, lakini mlimani mmoja kwa sita. Kama huna walimu wa kutosha, omba wazazi wawili au watatu. Babu mmoja Mrangi aliyekuja nasi kama mlezi alieleza zaidi ya nilivyoandaa kwa wiki mbili.

Nusu siku ya mjini ni nyepesi, sitaizungushia maneno. Anzeni stesheni ya zamani. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Dodoma mwaka 1910, na mji wenyewe ulikua kuizunguka. Waambie watoto pia masimulizi ya Wagogo kuhusu tembo aliyezama, ndipo pakaitwa Idodomya. Watalinganisha wenyewe stesheni hiyo na ile ya treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria 2024. Kanisa kuu la Anglikana lenye kuba na Msikiti wa Gaddafi, uliofunguliwa 2010, viombewe ruhusa kabla, na msiende nyakati za ibada. Mavazi yawe ya heshima, kanga moja au mbili za akiba hazizidi. Bungeni andikeni barua kwa Katibu wa Bunge mapema sana, hasa mkitaka kuketi kwenye jukwaa la wageni wakati wa kikao cha bajeti, kati ya Aprili na Juni. Watoto hufurahi kusikia shule yao ikitajwa na Spika kuliko kusikia hoja yoyote. Simu na kamera mtaacha mlangoni, na kwenye jengo lolote la Serikali ulizeni kabla ya kupiga picha.

Jioni ya mwisho sina tena la kuandaa ila simu moja ya kwenda Kolo. Namuuliza mwongozaji kama pamenyesha, kama njia inapitika, na kama nyuki wametulia.