Kuandika wasifu wa watu wa enzi ya Malkia Victoria ukiwa Moshi

Malkia Victoria alitawala Uingereza kuanzia Juni 1837 hadi Januari 1901, na katika miaka hiyo hiyo Mlima Kilimanjaro uliingia katika barua, ripoti na ramani za Ulaya. Kwa hiyo mkazi wa Moshi anayetamani kuandika wasifu wa watu wa enzi hiyo asidhani kwamba kazi hiyo ni ya wenyeji wa London peke yao.

Anza na mtu mmoja tu, na awe ameacha maandishi ya mkono wake mwenyewe. Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na chama cha wamisionari wa Kianglikana, anafaa sana. Tarehe 11 Mei 1848 aliuona weupe kileleni, akaandika kwamba kiongozi wake wa msafara aliuita "Beredi" tu. Msomaji wa Ulaya hulipita neno hilo bila kusimama, lakini wewe unasikia "baridi" papo hapo, na unatambua kwamba Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyemwongoza Rebmann, alikuwa na maelezo yake kuhusu mlima ule, wakati William Desborough Cooley, mwanajiografia aliyekaa London, aliendelea kukana kuwa kuna theluji karibu na ikweta. Maneno ya namna hiyo yamejaa katika shajara za wakati ule. Yaandike yote katika daftari la peke yake, kwa tahajia uliyoyakuta nayo, kwa sababu humo ndimo wapagazi, wakalimani na viongozi wa misafara wanamosikika.

Tahajia itakusumbua pia unapotafuta nyaraka. Uchagga huandikwa "Jagga" na Waingereza na "Dschagga" na Wajerumani. Machame huwa "Madschame". Watu nao wana majina mawili mawili. Nilipoanza kazi hii nilitumia wiki tatu kumtafuta Mangi (yaani mtawala wa Wachagga) Rindi wa Old Moshi katika ripoti za wasafiri nisimpate, hadi nilipotambua kwamba wageni wengi walimwita Mandara. Tangu siku hiyo sianzi utafutaji wowote kabla ya kuorodhesha kila jina na kila tahajia ninayoweza kuifikiria.

Nyaraka nyingi za chama kilichomtuma Rebmann zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, na vitabu vingi vya wasafiri vinasomeka bure kwenye intaneti. Ukipata nakala ya barua, usishangae kuona mistari iliyokatizana. Kabla ya Januari 1840 posta ya Uingereza ilitoza kwa umbali na idadi ya karatasi, kwa hiyo watu wengi walijaza ukurasa, wakaugeuza upande, kisha wakaandika tena juu ya mistari ya kwanza; na hata ada iliposhuka, wengine hawakuiacha desturi hiyo. Weka rula chini ya mstari mmoja, nakili mwelekeo mmoja hadi mwisho wa ukurasa, ndipo ugeuze karatasi. Neno usilolisoma liachie nafasi, wala usilikisie.

Tenganisha kilichoandikwa siku ile ile na kilichonakiliwa baadaye. Mwaka 1871 David Livingstone aliishiwa karatasi na wino, akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa matunda ya porini. Kurasa hizo zilipopigwa picha kwa mwanga maalumu na kuchapishwa mwaka 2011, ilionekana kwamba maelezo yake ya mauaji ya Nyangwe, mji wa soko katika Kongo ya leo, yanatofautiana na yale aliyoyanakili baadaye katika shajara yake kubwa. Kwa kila tukio tengeneza kadi yenye tarehe, mahali, jina la shahidi, na siku aliyoandika. Sensa za Uingereza zitakusaidia kujua familia na makazi ya mtu wako, ila ukumbuke kwamba katika sensa ya 1841 makarani waliagizwa kushusha umri wa watu wazima hadi kwenye mafungu ya miaka mitano, kwa hiyo aliyeandikwa 35 huenda alikuwa na 39.

Kisha panda Old Moshi. Nenda na mtu wa ukoo unaoutembelea, ukiwa na barua ya utambulisho, na usianze kwa kumuuliza mzee mwaka. Muulize tukio lilitokea enzi ya mangi gani, na rika la nani lilikuwa limetahiriwa. Baada ya kila simulizi muulize kwa adabu, "Babu, haya uliyasikia kwa nani?" Jibu lake liingie kwenye kadi kama linavyoingia jina la mwandishi wa barua. Kwa Mangi Meli, mwana wa Rindi, aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, nyaraka za serikali ya kikoloni peke yake zitakupa mshtakiwa tu. Ukoo wake ndio wenye kumjua kijana aliyerithi kiti cha baba yake.

Kuhusu riziki, usiache ajira mapema. Wengi wetu tunafundisha, tunatafsiri au tunaongoza watalii, na sura moja iliyokamilika humshawishi mchapishaji kuliko mpango mrefu.

Kabla ya kumpelekea mchapishaji huyo muswada, rudi kwa familia zilizokusimulia ukiwa na nakala mbili za Kiswahili. Wasomee kwa sauti, andika masahihisho yao pembeni kwa wino wa rangi nyingine, na nakala moja ibaki kwao.