Jinsi ya kuchunguza mchango wa mazingira na maendeleo katika ugonjwa: mfano wa kichocho

Anayetaka kujua kwa nini ugonjwa fulani umejaa upande mmoja wa dunia na kukosekana upande mwingine hana haja ya kuanza na ramani ya dunia. Na aanze na ugonjwa mmoja, mahali pamoja, na swali moja: kimelea hiki kinahitaji nini ili kitoke kwa mtu huyu kifike kwa yule? Hapa nimechagua kichocho, kwa kuwa njia yake iko wazi na karibu kila sehemu ya njia hiyo inaweza kuguswa na mradi wa maendeleo, kwa heri au kwa shari.

Kwanza, chora njia ya maambukizi kwenye karatasi. Mgonjwa hukojoa au kwenda haja kubwa majini au kando ya maji. Mayai ya kimelea huanguliwa yakikutana na maji yasiyo na chumvi. Lava, yaani vimelea wachanga, wanaotoka humwingia konokono na kuongezeka ndani yake kwa majuma kadhaa. Kisha lava wa umbo jingine hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Karatasi hiyo itakuonyesha mambo manne ya kufuatilia, yaani choo, maji, konokono, na shida inayompeleka mtu majini. Kila moja lina historia yake, na mara nyingi historia hiyo inamhusu zaidi mhandisi na mpangaji wa bajeti kuliko daktari.

Pili, hakikisha unajua ni kichocho kipi. Katika Afrika vipo hasa viwili, cha mkojo na cha tumbo, na kila kimoja kina jamii yake ya konokono: Bulinus kwa kile cha mkojo, Biomphalaria kwa kile cha tumbo. Kwa hiyo kinachosumbua Unguja na Pemba ni kichocho cha mkojo, ilhali kandokando ya Ziwa Victoria kilichotawala ni cha tumbo. Takwimu zinazochanganya vyote viwili hazitakufikisha mbali.

Tatu, nenda majini ukakae. Chagua saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, kwa sababu jua linapokuwa kali ndipo lava wengi hutoka kwa konokono, na ndiyo saa ambayo watoto huogelea na kina mama hufua. Andika ni nani ameingia, kwa kazi gani, maji yamemfika wapi, na amekaa muda gani. Anayechota ndoo moja akaondoka hayuko katika hatari sawa na anayesimama hadi magotini kwa saa nzima akisuuza mashuka. Kisha tafuta konokono chini ya majani ya majini na penye maji yaliyotulia, ukiwa umevaa buti na glavu za mpira na ukitumia kichoteo chenye wavu. Biomphalaria ni bapa, amejikunja kama kamba iliyozungushwa mezani. Bulinus ana ncha. Mshike ncha ikiwa juu na mdomo wa kombe ukikuelekea, na mdomo huo utauona upande wa kushoto, jambo ambalo kwa konokono wengi wengine huwa kinyume. Kumpata konokono hakuthibitishi kwamba ameambukizwa, hivyo kazi ya kumpima iachie maabara.

Nne, na hapa usiharakishe, uliza ni nini kilibadilika na lini. Mfano mzuri uko Senegal. Zamani, kila msimu wa kiangazi Mto Senegal ulipopungua, maji ya bahari yalipanda mtoni zaidi ya kilometa 100, na chumvi hiyo haikuwafaa konokono. Bwawa la Diama, lililokamilika mwaka 1986 karibu na mlango wa mto, liliizuia chumvi ili mashamba yapate maji matamu mwaka mzima. Mwaka 1988 kichocho cha tumbo kilianza kuonekana Richard-Toll, mji wa mashamba ya miwa uliokwisha kuvuta vibarua kutoka sehemu nyingi, na miaka michache baadaye, katika baadhi ya vitongoji, waliokutwa nacho walikuwa zaidi ya nusu. Chumvi haikuwa sababu pekee. Kamba wakubwa wa mtoni, ambao hula konokono, huhitaji maji ya chumvichumvi ya mlangoni ili watoto wao wakue, na bwawa liliwakatia njia.

Usitoke hapo ukiwa umehitimisha kwamba mabwawa ni mabaya. Bwawa hilo lilileta kilimo cha umwagiliaji, na hakuna mwenye busara angependekeza libomolewe. Kilichokosekana ni choo, bomba na mpango wa konokono katika gharama za mradi wenyewe. Vilevile jihadhari na ripoti zinazoanza kwa kulaumu uelewa mdogo wa wananchi: kijana anayejua habari zote za kichocho bado ataingia mferejini ikiwa bomba la kijiji ni kavu. Dawa ya praziquantel huua minyoo aliyonayo leo, lakini haimkingi na maji atakayorudi kuoga kesho. Ndiyo maana inafaa kutazama pia hatua zinazogusa mazingira. Katika vijiji vya kaskazini mwa Senegal, majani ya majini wanamojificha konokono yaliondolewa na kutumiwa kama mboji na chakula cha mifugo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba maambukizi ya kichocho cha tumbo kwa wanafunzi yalipungua.

Ukishazoea, jaribu njia hiyohiyo kwa ugonjwa mwingine. Matende katika pwani yetu huenezwa na mbu wa Culex, ambaye hustawi katika maji machafu ya vyoo vya shimo, yaani katika choo kilichojengwa kwa ajili ya afya. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, chembe za polisterini, plastiki nyepesi inayoelea, zilimwagwa ndani ya vyoo vyenye maji zikatanda juu kama blanketi, mbu wakakosa pa kutagia, na wakati huohuo wananchi wakapewa dawa.

Mwisho, andika ripoti yako kwa mpangilio wa yale mambo manne, ukionyesha mwaka wa kila badiliko na kijiji cha kulinganisha ambacho hakikupata mradi. Nakala ya kwanza mpe mganga mkuu wa wilaya. Ya pili mpelekee mhandisi wa maji kabla michoro ya mfereji unaofuata haijapitishwa.