Kuchagua zana za kupima PostgreSQL: anza na kosa unalolitafuta

PostgreSQL ni mfumo wa kanzidata. Kabla ya kusakinisha chochote cha kuipima, andika kosa unalotaka linaswe. Kanuni za majedwali, programu inayosoma na kuandika, na mzigo watumiaji wakizidi ni mambo matatu tofauti, na zana zake ni tofauti.

Hatua ya 1: injini ileile. Mfumo ukiwa kwenye PostgreSQL 16, majaribio nayo yawe humohumo. Kupimia kwenye SQLite, kanzidata ndogo ya faili moja, kwa kuwa ni nyepesi ni kujidanganya. Kwa kawaida SQLite hupokea maandishi kwenye safuwima ya INTEGER, na haikagui funguo za kigeni (safuwima zinazorejelea safu za jedwali lingine) mpaka uiamuru `PRAGMA foreign_keys = ON`. Kwa programu inayosoma na kuandika, tumia Testcontainers: maktaba hii huwasha PostgreSQL ndani ya kontena, yaani mazingira ya muda yaliyotengwa, majaribio yanapoanza na kuiondoa yakiisha. Taja `postgres:16`, ukiandika `latest`, toleo litabadilika bila wewe kujua.

Hatua ya 2: kanuni za majedwali. Hapa chukua pgTAP, nyongeza ya PostgreSQL ya kuandika majaribio kwa SQL, uiendeshe kwa amri ya `pg_prove`. Tuseme malipo hayaruhusiwi bila mteja aliyesajiliwa:

```
BEGIN;
SELECT plan(1);
SELECT throws_ok(
  'INSERT INTO malipo (mteja_id, kiasi) VALUES (999, 5000)',
  '23503');
SELECT * FROM finish();
ROLLBACK;
```

Namba 23503 ni kosa la ufunguo wa kigeni. Usiiache, maana bila hiyo jaribio litapita kwa kosa lolote. Ukipata 23502, umesahau safuwima yenye NOT NULL (isiyoruhusiwa kuwa tupu), na ufunguo wenyewe haujapimwa bado. Kama ufunguo ni DEFERRABLE INITIALLY DEFERRED, kosa husubiri hadi COMMIT, yaani muamala unapokamilishwa, na hapa halitaonekana kabisa. Tanguliza `SET CONSTRAINTS ALL IMMEDIATE`.

ROLLBACK hufuta data iliyoingizwa na jaribio, lakini hairudishi nyuma namba za sequence (kihesabu kinachotoa `id` mpya). Kwa hiyo jaribio lisitegemee kwamba `id` itakuwa 1. Wanaotumia MySQL, kanzidata nyingine, wawe waangalifu zaidi: huko CREATE TABLE na ALTER TABLE hukamilisha muamala papo hapo, na ROLLBACK haisafishi kitu.

Hatua ya 3: mzigo. pgbench, zana ya kupima kasi chini ya mzigo, huja na PostgreSQL yenyewe. `pgbench -i -s 50` hujaza akaunti 5,000,000, ila hayo ni majedwali yake. Andika amri zako za SQL kwenye faili, kisha:

`pgbench -n -f malipo.sql -c 10 -j 2 -T 60 duka`

Hiyo ni miunganisho 10 kwa sekunde 60 kwenye kanzidata `duka`. Iendeshe kutoka kompyuta nyingine, la sivyo pgbench na seva zitagombania prosesa moja.